Jibu: Kuchomwa sindano zamu ya usiku

Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje ukichomwa na sindano ya mgonjwa usiku, nawe mgeni wa kazi huko Wete, unaogopa kufokewa. Osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue damu, wala usitie jiki, utajiumiza tu. Mwambie kiongozi wa zamu usiku uo huo, afoke asifoke: dawa za kinga ya VVU zianze mapema, ndani ya saa chache, na zikipita saa 72 huanzishiwi tena. Humezwa siku 28. Wengi huzikatiza kwa kichefuchefu, basi zimeze baada ya kula. Chanjo ya homa ya ini B, dozi 3 kwa miezi 6, idai sasa. Na sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko.