Wasomaji Wanauliza: Mpango wa eneo la biashara upitishwe kabla au baada ya kupima athari za mazingira?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Kigoma. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa katika kata mojawapo ya mjini. Katika vikao vyetu tumekuwa tukijadili haja ya kuwa na mpango utakaoifanya sehemu ya kati ya mji kuwa eneo rasmi la biashara, lenye majengo ya ghorofa, soko la kisasa, maegesho na stendi ndogo ya magari. Wapo wenzetu wanaoshauri kwamba mpango ukija upitishwe kwanza, na suala la mazingira liachiwe kila mwenye jengo wakati wa kuomba kibali cha ujenzi. Sisi wengine tunasita. Sheria inasemaje, na kiongozi anayetakiwa kupiga kura azipime vipi faida za biashara na hasara za mazingira? – Mjumbe wa mtaa, Kigoma

JIBU: Ndugu Mjumbe, kusita kwenu kuna msingi. Hasara kubwa za eneo la biashara hazitokani na jengo hili au lile. Hutokana na uamuzi wa awali kuhusu wapi majengo yatakaa, maji ya mvua yatapita wapi, miti gani itabaki na takataka zitakusanyiwa wapi. Uamuzi huo hufanyika ndani ya mpango. Ukisubiri mwenye kiwanja aje na ramani ya ghorofa yake, utakuta mambo hayo yote yamekwisha kuamuliwa, na kilichobaki ni kumuuliza mtu mmoja kuhusu mtaro wa mbele ya duka lake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziweka ngazi mbili za kupima. Ya kwanza ni tathmini ya athari kwa mazingira, inayohusu mradi, ambayo ni lazima ifanyike kabla mradi haujaanza kutekelezwa wala kugharimiwa. Sheria hiyo inasema wazi pia kwamba kibali kilichotolewa chini ya sheria nyingine hakimpi mwenye mradi ruhusa ya kuanza kazi bila cheti cha mazingira. Ngazi ya pili ni tathmini ya mazingira ya kimkakati, inayohusu miswada, kanuni, sera, programu na mipango ya maendeleo inayoweza kugusa mazingira, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2008. Wanaosema kila mwenye jengo atafanya tathmini yake wanaizungumzia ngazi ya kwanza peke yake. Kwa upande wa ardhi, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitambua halmashauri ya manispaa kuwa mamlaka ya upangaji na inaitaka iwashirikishe wadau wakati mpango ungali rasimu. Ndiyo maana ni vyema vipimo vya mazingira viwe mezani wakati huohuo, ili wadau wasitoe maoni juu ya ramani yenye rangi nzuri lakini isiyoeleza maji yatakwenda wapi.

Nichukue hilo la maji, kwa kuwa kwa mji wa Kigoma ndilo zito kuliko yote. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya hekta moja iliyoezekwa mabati na kusakafiwa saruji, huleta maji mita za ujazo 500, yaani lita 500,000, ambazo zingejaza maboza 50 ya lita 10,000 kila moja. Hekta hiyohiyo ikiwa na udongo ulio wazi na miembe, sehemu kubwa ya maji huzama ardhini, na yanayobaki hutiririka polepole. Sasa zidisha kwa hekta kumi za eneo la biashara: ni lita milioni 5 kwa mvua moja, na maji hayo hayana budi kushuka, kwa sababu mji umekaa mteremkoni. Simama kando ya barabara inayotoka Mwanga kuteremka kuelekea stesheni na bandarini siku ya mvua za kwanza, baada ya kiangazi kirefu, utazame mtaro: maji ni mazito kwa mchanga, juu yake zinaelea chupa za plastiki, na penye gereji utaona utando wa oili unaong'aa. Yote hayo yanaingia ziwani.

Na ziwa lenyewe si la kawaida. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia takribani mita 1,470, likiwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo maji yanayoingia leo hukaa humo kwa karne kadhaa. Mchanga unaoletwa na mitaro hutua kwenye mawe ya ufukweni, mahali ambapo samaki wengi wasiopatikana popote pengine duniani hutaga na kujilisha. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa hili mwaka 2003, hivyo mtaro unaochimbwa Kigoma hauwahusu watu wa Kigoma peke yao.

Tathmini ya jengo mojamoja hailioni jambo hili. Mwenye duka la ghorofa mbili atasema, na atakuwa mkweli, kwamba maji ya paa lake ni machache. Jirani yake atasema vivyo hivyo, na wa tatu pia. Jumla yao haina msemaji, isipokuwa mpango unaoyahesabu mapaa yote kwa pamoja. Wakazi wa bonde la Katubuka wanafahamu maana ya maji kukusanyika mahali yasipokuwa na njia ya kutokea.

Lipo pia suala la ziwa kupanda. Sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Swali ambalo mpango unapaswa kulijibu ni ukingo upi unaotumika kupimia, kwa kuwa katika miaka ya karibuni, mwaka 2021 na tena mwaka 2024, maji yalipanda hadi kufunika maeneo ya ufukweni Kigoma na Bujumbura. Hili si jipya katika historia yetu. Stanley, aliyekutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871, alipofika tena mwaka 1876 alikuta sehemu ya soko la Ujiji imekwisha kumezwa na ziwa. Miaka michache baadaye Lukuga ulifunguka, na maji yakashuka sana. Kwa maoni yangu, mpango unaopimia mita 60 kutoka ukingo wa mwaka wa maji machache unawaandalia wafanyabiashara hasara, na haufai kupitishwa kabla hilo halijarekebishwa.

Sasa nije kwenye kupima kwenyewe. Kupima hakuna maana ya kwamba mazingira lazima yashinde kila mara. Mji unahitaji ajira na halmashauri inahitaji ushuru. Isitoshe, kuzipanga biashara mahali pamoja penye choo, maji na mfumo wa taka kunaweza kuwa nafuu kwa mazingira kuliko kuziacha zisambae ovyo hadi kwenye vilima. Ninachokipinga ni kura inayopigwa wakati upande mmoja wa mizani umeandikwa kwa tarakimu na upande wa pili umeachwa kuwa maneno ya jumla. Mara nyingi faida huja zikiwa zimehesabiwa: vyumba vya maduka, kodi kwa mwezi, nafasi za kazi. Hasara huja katika sentensi moja, kwamba "athari zitadhibitiwa". Mjumbe ana haki ya kuuliza zitadhibitiwa na nani, kwa fedha za fungu gani, na kuanzia lini.

Ripoti inapaswa pia kuonyesha njia mbadala, ikiwemo ile ya kutofanya mradi kabisa. Mimi hutazama sehemu hiyo mapema ninaposoma ripoti yoyote ya aina hii, kwa sababu ndipo panapoonekana kama mwandishi alipima kweli. Njia mbadala zikiandikwa kwa aya moja na kukataliwa papo hapo, basi uamuzi ulikwisha kufanyika kabla ya tathmini. Tofautisheni vilevile hasara inayorekebishika na isiyorekebishika. Vumbi na kelele za ujenzi zina mwisho wake. Mwembe uliopandwa zamani, wenye kivuli kinachowafunika wachuuzi na abiria tangu asubuhi hadi jioni, ukikatwa hautarudishwa na miche ya mapambo katika uhai wa wanaoukata. Na ufukwe uliojazwa kifusi haurudi kuwa ufukwe.

Kuna utaratibu mmoja wa wenzetu unaostahili kuigwa. Katika jimbo la California nchini Marekani, chini ya sheria yao ya mazingira ya mwaka 1970, baraza la mji linaweza kuidhinisha mpango hata kama una athari kubwa zisizoepukika, lakini halina budi kuandika ni faida zipi zinazozidi athari hizo, na maelezo hayo yawe na ushahidi ndani ya kumbukumbu za shauri lenyewe. Hakuna kinachotuzuia kufanya hivyo hapa. Muhtasari wa kikao ukisema kwamba wajumbe wameridhia kupoteza miti kadhaa na kuongeza maji kadhaa kwa sababu zilizotajwa, na kwamba mtaro mkuu wenye kichujio cha mchanga utajengwa kabla ya jengo la kwanza kukamilika, wananchi watakuwa na kitu cha kukumbushia. Hilo la mtaro kutangulia majengo ningelifanya sharti, kwa sababu majengo yakikwisha kuleta kodi hakuna anayekumbuka kurudi kuchimba.

SWALI: Mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa, na nimekuwa nikikausha na kuuza kwa miaka mingi. Kila panapotajwa mipango mipya ya mji tunaogopa kuondolewa. Je, tathmini ya mazingira inatuhusu sisi, au ni ya miti na maji tu? – Mama wa dagaa, Kibirizi

JIBU: Mama yangu, inawahusu moja kwa moja. Kanuni za tathmini za mwaka 2005 zinataka athari za kijamii na kiuchumi zichunguzwe pamoja na zile za ardhi, maji na hewa. Mtaalamu anayeandaa ripoti anatakiwa kuja kuwasikiliza, na maoni yenu yaonekane ndani ya ripoti. Mkisikia kwamba wadau wamekwisha kushirikishwa nanyi hamkuitwa, ulizeni orodha ya waliohudhuria.

Kwa anayemiliki ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na kanuni zake zinataja posho ya usumbufu, ya usafiri na upotevu wa faida. Hali ni ngumu zaidi kwa anayefanya kazi mahali asipopamiliki, na ndiyo sababu mnapaswa kuhesabiwa mapema, wakati wa tathmini. Andikeni wenyewe: mko wangapi, chanja ni ngapi, mnaanika kwa saa ngapi, mnahitaji nafasi kiasi gani na umbali gani kutoka mwaloni. Dagaa wabichi hawasubiri gari. Wakipelekwa kuanikwa mbali, kuna watakaoharibika na kutupwa, na takataka hizo nazo ni athari ya mazingira inayotakiwa kuingizwa katika hesabu. Mweleze mtaalamu hivyohivyo, kwa kuwa huenda hajawahi kuanika dagaa.

SWALI: Ripoti za tathmini ni nene na zimejaa Kiingereza. Mwananchi wa kawaida aipate wapi na atoe pingamizi vipi? – Mwalimu mstaafu, Ujiji

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Kanuni zinataka ripoti iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, unaoeleza matokeo makuu. Anzeni kwa kuuomba huo. Ofisa mazingira yupo katika kila halmashauri kwa mujibu wa sheria, naye ndiye wa kumwendea kwanza. Baada yake ni ofisi ya kanda ya mamlaka ya taifa ya mazingira, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la NEMC.

Kumbukeni kwamba gharama za mtaalamu anayeandaa ripoti hulipwa na mwenye mradi. Jambo hilo ni halali, lakini linafanya macho ya wananchi yahitajike zaidi wakati ripoti inapopitiwa. Pingamizi liwe la maandishi, litaje ukurasa na jambo mahususi, kwa mfano kwamba mtaro umechorwa kuishia juu ya makazi badala ya kufikishwa penye bwawa la kutuliza mchanga. Lipelekwe kabla ya tarehe ya mwisho ya maoni, kwa nakala mbili, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Sheria ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, pamoja na haki ya kufungua shauri pale haki hiyo inapotishiwa, na mkifika huko nakala yenye muhuri ndiyo itakayotangulia kuulizwa.