Maswali ya wasomaji: barabara namba 2 ya California inaishia wapi?

SWALI: Mambo vipi wahariri, nina ndugu yangu yuko Los Angeles anasema kuna barabara ya jimbo, namba 2, unaanza nayo mjini kwenye foleni halafu unajikuta milimani kwenye misonobari, ni kweli au ananipiga kamba?

JIBU: Kweli kabisa ndugu. Inaanzia mpakani mwa Santa Monica, inafuata Santa Monica Boulevard kupitia Beverly Hills na West Hollywood, ila humo vipande vingine jimbo lilishawaachia manispaa wenyewe kwa hiyo asitegemee sana vibao. Baadaye inageuka hailwei pale Glendale mpaka La Cañada Flintridge, na hapo ndo utamu unaanza, kipande cha mlimani kiitwacho Angeles Crest, kona juu ya kona, mapikipiki yanalala upande kwa upande (wikiendi ni fujo tupu), inapanda mpaka Dawson Saddle zaidi ya mita 2,400 halafu inashuka Wrightwood na kuishia barabara namba 138 karibu na Phelan. Mwambie ajaze mafuta La Cañada maana huko juu hakuna sheli na mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Wakati wa baridi wanafunga kipande cha juu kwa ajili ya theluji na mawe, achungulie tovuti ya Caltrans (idara ya usafiri ya jimbo) kabla hajawasha gari.