Maswali na Majibu: Kutoka Kwenye Helikopta Iliyozama

"Helikopta ina maboya. Kwa nini mnatufundisha kama lazima itapinduka?"

Kwa sababu injini na giaboksi viko juu ya vichwa vyenu. Maboya yakifunguka mtaelea, ila wimbi moja zito linatosha kuigeuza miguu juu.

"Nijaze jaketi la kuokolea maisha mara tu tunapoanza kuanguka?"

Hapana! Nimelijibu hili hadi mkono unaniuma. Ukilijaza ndani litakubana kwenye sakafu, ambayo sasa ndiyo dari. Lijaze ukishatoka.

"Mimi ni mwogeleaji hodari. Nikinunua chupa ndogo ya hewa, bado nahitaji kozi?"

Barua hizi za manunuzi zimenichosha. Kuogelea hakutakusaidia kujua juu ni wapi ukiwa umening'inia kichwa chini, gizani, maji yakikuingia puani. Kinachokuongoza ni mkono. Kabla ya kugonga maji, mmoja uwe umeshika kingo ya dirisha au mlango wako. Chombo kikizama, subiri kitulie, fungua au sukuma dirisha, shika nje, kisha ndipo ufungue mkanda. Wengi hufungua mkanda kwanza, wakaelea ndani ya kabini na kupoteza mlango uliokuwa sentimita chache tu kutoka begani. Hilo halisomwi kwenye karatasi. Mwili hulijua baada ya kupinduliwa bwawani mara kadhaa.

Na chupa hiyo? Kwenye maji baridi pumzi huweza kukuishia ndani ya sekunde chache, kwa hiyo ina kazi kubwa. Lakini ni hewa iliyoshindiliwa: ukipanda huku umebana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka. Asiyefundishwa asiiguse.

"Cheti changu cha kozi hii, cha miaka minne, hakijaisha. Niko salama?"

Cheti kiko salama. Wewe je, unakumbuka dirisha la kiti chako lilifunguka vipi safari iliyopita?

"Ziara za kupiga picha milango ikiwa wazi ni salama zaidi, si njia tayari iko wazi?"

Njia, ndiyo. Tarehe 11 Machi 2018 helikopta ya aina hiyo ilitua kwenye mto East River, New York, ikapinduka. Rubani alitoka, abiria wote watano walikufa maji, wamefungwa kwa mikanda ya ziada iliyonaswa mgongoni. Walikuwa wamepewa visu vya kuikatia. Ukivishwa mkanda usioweza kuufungua mwenyewe kwa mkono mmoja, macho umefumba, shuka.