Maswali na Majibu: Ndimu, Ganda na Jani Dhidi ya Vijidudu

Ni kitu gani ndani ya ndimu na limau kinachoua vijidudu?

Ni viwili, na kila kimoja kina njia yake. Katika maji ya tunda ni asidi ya sitriki, ambayo huishusha pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ndogo ni asidi kali) hadi kati ya 2 na 3, kiwango ambacho bakteria wengi, akiwemo yule wa kipindupindu, hawakistahimili kwa muda mrefu. Katika ganda na majani ni mafuta yenye harufu: ukilikunja ganda bichi la chungwa penye mwanga utayaona yakiruka kama ukungu mwembamba, na zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo limonene. Mafuta hupenya utando wa seli ya bakteria na kuulegeza hadi vilivyomo vianze kuvuja.

Mbona bakteria wengine hawafi?

Bakteria wa kundi la Gram-hasi (jina litokanalo na jinsi wanavyoitikia rangi za maabara), kama E. coli wa utumboni, wana tabaka la ziada la nje ambalo huzuia mafuta kuingia. Kuvu nao hutofautiana; ule ukungu wa kijani unaoozesha machungwa ghalani hustawi juu ya ganda hilohilo tunalolisifu.

Nimesoma kwamba majani ya mdimu yameishinda antibiotiki maabarani. Niamini?

Uliza kwanza jinsi walivyopima. Kwa kawaida vipande vya karatasi vilivyoloweshwa huwekwa juu ya sahani iliyopandwa bakteria, kisha kesho yake hupimwa kwa milimita upana wa eneo lililobaki tupu. Majani yakiwa yamelowekwa katika ethanoli, ambayo yenyewe huua bakteria, jaribio lisilo na karatasi ya ethanoli tupu halithibitishi lolote kuhusu majani. Tena, karatasi ya antibiotiki mara nyingi hubeba mikrogramu chache tu, ilhali ile ya majani huweza kubeba miligramu kadhaa, yaani mara mamia zaidi. Huo si ushindani wa haki. Mimi hutafuta kipimo kingine: kiasi kidogo kabisa kinachozuia bakteria kukua. Hata hicho hakituelezi kama kiasi hicho kitafika kwenye damu ya mgonjwa bila kumdhuru.

Vipi matone ya mbegu za balungi yanayouzwa kama kiuavijidudu cha asili?

Hapa nina shaka kubwa. Wakemia walipochunguza bidhaa kadhaa za aina hiyo walikuta kloridi ya benzethoniamu, kiuavijidudu kinachotengenezwa viwandani, na mbegu zilizokamuliwa bila kuongezwa kihifadhi chochote hazikuonyesha nguvu hiyo.

Je, nipake maji ya ndimu kwenye kidonda?

Usipake. Asidi huunguza nyama iliyo wazi, na ndimu ina furanokumarini, kemikali ambazo ngozi yenye nazo ikipigwa na jua hutoka malengelenge na kubaki na mabaka meusi kwa wiki nyingi. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni. Kikianza kutoa usaha, nenda hospitali.