Jibu: Toyota Noah imehama leni ikanikwangua ubavuni, kosa la nani?

Mkuu, kama ulikuwa umenyoosha leni yako barabara ya Mandela na yeye ndiye aliyehama, mzigo ni wake. Indiketa ni taarifa tu, haimpi haki ya kuingia. Ila soma alama: mkwaruzo ukiwa mlangoni au kwenye fenda yako ya upande aliotokea, una hoja nzito. Bampa yako ikiwa imepiga buti lake katikati, atadai alishaingia na wewe hukuacha nafasi. Hapo wengi hunyang'anywa ushindi. Kabla ya kusogeza magari piga picha za matairi yalivyoelekea, vioo vilipodondoka na mistari ya leni. Usisaini "tumeelewana" kabla trafiki hajachora ramani ya ajali, bima wataidai. Mwenye maumivu achukue PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) mapema.