Nusu Siku Sawa, Lakini Ni Nusu Ipi?

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hivi: mgeni amekuja, una nusu siku tu, utampeleka kwenye maporomoko gani ya maji huku magharibi au upande wa Nakuru atembee, apande, ashuke na aogelee? Nimelisoma dukani mteja akingojea suruali yake ikunjwe pindo, nikaanza kulijibu kwa sauti. Mteja akadhani nazungumza naye.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kisumu, ila kwetu ni kando ya mto Yala. Kila Desemba ndugu zangu wa Nairobi wakishafika, mimi hugeuzwa kampuni ya utalii isiyo na leseni. "Anti, tupeleke kwenye maporomoko." Huuliza ni wapi, huuliza kama simu inashika mtandao huko, basi. Saa ya kwenda haiulizwi. Hata nyinyi hamkuuliza. Kwa hiyo nitajibu hilo ambalo hamkuuliza, mkitaka mchapishe, mkitaka mtupe.

Nusu siku ni ya asubuhi. Mtu atoke nyumbani saa kumi na mbili, saa nane mchana awe amegeuza uso kurudi. Huku kwetu mvua ina ratiba yake. Upepo wa ziwani husukuma unyevu kuelekea mashariki, ukigota kwenye miinuko ya Nandi unapanda, na alasiri unamwagika. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na yeyote aliyewahi kuanika nguo huko atakwambia nyingi hunyesha baada ya chakula cha mchana. Sasa chukua mtu wa Kisumu aliyeamka saa tatu, akanywa chai na mayai, akatafuta miwani ya jua, akafika mtoni saa saba na nusu. Anavua viatu wakati ule ule ambao kule juu mawingu yanashusha mzigo.

Na mvua ya kuogopwa si ile inayokulowesha. Ile utaikimbia mwenyewe. Ya kuogopwa ni iliyonyesha mbali, wewe uko kwenye jua unapiga picha. Watu wa Nakuru hawahitaji kuambiwa hili. Aprili 2012 vijana wa kanisa waliokuwa matembezini Hell's Gate, pale Naivasha, walikutwa na mafuriko ya ghafla ndani ya korongo, baadhi yao wakafa. Septemba 2019 yakatokea tena, safari hii kwa watalii, korongo lile lile. Ukiwa ndani ya korongo huoni mawingu ya juu, na kuta hazikupi pa kupandia.

Acha niwaeleze ya Isiukhu, maporomoko yaliyo ndani ya msitu wa Kakamega.

Ilikuwa Pasaka. Binti wa marehemu kaka yangu, anayefanya kazi benki huko Nairobi, alikuja na rafiki zake wawili, wote na mikoba midogo ya mgongoni isiyoingia hata kanga. Tuliondoka Kisumu alfajiri, nilihakikisha hilo. Matatu ikapita Mbale, ikapita Chavakali, na tulipofika Ilesi wakataka dereva asimame wapige picha ya lile jiwe linalolia, lile linalotiririsha maji kama machozi. Dereva aliangalia kioo, akaongeza mwendo. Kakamega mjini tukanunua ndizi na mafungu ya mukombero, ule mzizi wa kutafuna, nikawafundisha kuutafuna, mmoja akautema na kuuliza kama ni dawa. Kisha gari la kuelekea Webuye, kilomita kama 20, tukashuka kwenye njia ya Buyangu, tukachukua boda boda hadi lango la hifadhi.

Langoni hawapokei pesa mkononi, ni eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali. Rafiki mmoja alikuwa amesahau paswadi yake. Tulikaa chini ya mti hadi jua likapanda, yeye akijaribu jina la mbwa wake, mwaka wa kuzaliwa, jina la mbwa na mwaka pamoja. Mwishowe nikamlipia kwa simu yangu.

Mwelekezi tuliyempata alikuwa mzee wa gambuti, mtu wa maneno machache. Njiani alitaja miti kwa Kiluhya kisha akanyamaza. Mbega walikuwa juu, mikia yao meupe ikining'inia, na kaka zao kima wakitufuata kwa harufu ya chapati. Msitu wa Kakamega ni kipande kilichobaki cha msitu ule mkubwa wa Kongo, na ukiingia asubuhi unahisi: kuna giza la kijani, ardhi laini, na jasho linatoka wakati hewa ni baridi. Binti yetu alipita katikati ya yote hayo akiwa ameshavaa nguo ya kuogelea chini ya fulana, anahesabu dakika.

Isiukhu si maporomoko marefu. Anayetafuta urefu aende Nyahururu akaone mita 74 za Thomson's Falls. Hapa mto unajipinda kwenye mawe, unaanguka kwa vishindo vifupi, halafu unatulia mahali panapovutia kuingia. Maji siku hiyo yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Msichana alishaanza kuvua fulana. Mzee hakumzuia kwa mdomo. Alivunja kijiti, akakimenya ganda kikawa cheupe, akakichomeka pale pale maji yalipokutana na mchanga. Akasema, "Kuleni kwanza."

"Mzee, mimi nimeogelea Diani, baharini."

"Diani kuna maji mengi," akasema, "lakini hayana haraka."

Tukala. Chapati nilizikunja na ndengu tangu usiku, kulikuwa na mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Kima mmoja alishuka akachukua yai zima, akapanda nalo, akashindwa kulimenya vizuri, akatutupia maganda na matusi. Anga juu yetu ilikuwa safi kabisa. Binti yetu alikula amesimama, amejifunga leso yangu kiunoni, uso umekunjwa. Sikumlaumu. Ametoka Nairobi kwa ajili ya dakika ishirini za maji, na anazuiwa na kijiti.

Tulipomaliza kile kijiti kilikuwa ndani ya maji, kimebaki ncha ya kidole. Rafiki yule wa paswadi akasema kimesogezwa na watoto. Hapakuwa na mtoto pale. Mzee hakubishana, akachomeka cha pili juu zaidi, akakaa kwenye jiwe, akaendelea kutafuna mukombero. Tukakiangalia kama watu wanaosubiri matokeo ya KCSE. Majani yakaanza kupita, kisha vijiti, kisha gunzi la mahindi, na gunzi halioti msituni, hilo limetoka shambani kwa mtu huko juu. Cha pili nacho kikaingia majini. Mzee akaniita karibu, akaniambia nisisikilize maporomoko yenyewe, nisikilize chini. Nikainama. Kulikuwa na mgongano mdogo mdogo ndani ya maji, mawe yakibingirishwa, sauti ambayo haikuwepo tulipofika.

Hakuna aliyesombwa. Mto ulipanda kiasi, pengine magotini kwa mtu mzima, hakuna cha kupeleka redioni. Lakini lile jiwe ambalo msichana angelisimamia lilikuwa limezama na maji yalikuwa yanalipita kwa kasi. Na sisi hadi tunarudi langoni hatukunyeshewa hata tone.

Jioni nikaona kwenye simu picha yake mbele ya maporomoko, leso yangu begani. Ameandika kwamba aliogelea na maji yalikuwa matamu sana.

Sasa mtanishika hapo, mhariri. Tulitoka alfajiri kama ninavyohubiri na bado mto ulipanda. Kweli. Nandi ilikuwa imenyesha usiku, na maji ya usiku yalitukuta sisi asubuhi. Kwa hiyo saa peke yake haitoshi, lazima na mtu awepo. Mtu wa pale pale, si dereva wala mjomba aliyewahi kufika huko akiwa skauti. Ndiyo maana sipendi orodha za "maporomoko kumi ya kutembelea" zinazosambazwa kwenye makundi ya simu. Zinakupa picha na njia, halafu zinakuacha ukingoni peke yako.

Na hata mto ukiwa umetulia, pale chini kabisa maji yanapoangukia si pa kuchezea. Povu lile jeupe ni hewa nyingi, na hewa haimbebi mtu. Unazama mahali ambapo kwenye maji ya kawaida ungeelea, na mkondo unaozunguka chini ya maporomoko unakurudisha pale pale ulipojaribu kutoka. Kuruka kwa kichwa ndiyo kabisa. Kila mafuriko hupanga upya magogo na mawe chini ya maji, kwa hiyo kina ulichokijua mwaka jana si cha mwaka huu. Vijana wa Cheploch, kule Kerio kwenye barabara ya Kabarnet na Iten, huruka kutoka kwenye mwamba watalii wakipiga makofi, lakini wale wamezaliwa wakiliangalia korongo hilo. Mgeni asiige.

Kuhusu kichocho nitasema kidogo kwa sababu mgeni huuliza. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kama kingo nyingi za ziwa letu, na vijidudu hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Maji yaendayo kasi yana nafuu, lakini kidimbwi kilichojitenga pembeni hakina. Dawa ipo, hospitali watakupima. Mgeni wa kuogelea Dunga, ufukwe wa ziwa hapa Kisumu, mimi simpeleki. Kule kuna viboko pia, nao hawana kijiti cha kukuonya.

Nilipofika hapa nilikuwa nimeamua kumalizia kwa kusema maporomoko ni ya kuangaliwa, basi, na anayetaka kuogelea atafute bwawa. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta. Sisi tumekulia Yala. Tulioga mtoni kabla ya shule, tulifulia mtoni, tulichota maji pale pale, na hatukuwa na mwelekezi wa gambuti. Tulikuwa na kukhu, bibi yetu. Yeye ndiye aliyejua ni upande gani wanaingia wasichana, jiwe gani lina utelezi, na siku gani mtu asikaribie. Siwezi kumwambia mtoto wa benki kwamba mto ambao mimi nilioga bure yeye autazame kwa mbali kama sinema. Tena mtu akiyaangalia maji siku nzima bila kuyagusa hurudi na hasira, nimeshuhudia.

Basi jibu langu ni Isiukhu, na mgeni aingie majini. Nimesema. Lakini iwe Januari au Februari, mito ikiwa imepungua, si Aprili wala Mei. Aingie chini zaidi mtoni, mbali na povu, mahali mwelekezi ameonyesha, maji yasipite kiuno, miguu itangulie, na viatu vya raba avae kwa sababu mawe yale yana utelezi hata yakionekana makavu. Asiyejua kuogelea abaki na miguu tu majini, na hilo linamhusu hata kama amelipia. Watoto wadogo sijui, mimi nisingewapeleka, lakini kuna wazazi wenye mikono mingi kuliko yangu.

Wa Nakuru ambao Kakamega ni mbali wana Thomson's Falls. Ngazi za kushuka hadi chini zitawapa mazoezi ya kutosha magoti, na kupanda kutawapa zaidi. Ila Nyahururu iko juu sana, zaidi ya mita 2,300, ni baridi, na rasharasha za maji zitakulowesha bila kuogelea, hivyo koti lisisahaulike. Makalia ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru ni pazuri kwa macho, lakini ni nyumbani kwa simba na nyati, kuoga huko ni kutafuta mwenzako wa kuoga naye. Nabuyole pale Webuye, mto Nzoia ukiwa umejaa, mimi hubaki juu ya mwamba na mahindi yangu ya kuchoma. Nzoia haichezewi, waulizeni watu wa Budalang'i ambao hufurikiwa nayo.

Na mwelekezi akichomeka kijiti akasema leo hapana, msianze kumtajia Diani. Mpeni chake, mrudi Kisumu mapema, mkalipie bwawa la hoteli yoyote yenye maji masafi, mgeni aogelee hadi vidole vikunjamane, kisha mkale samaki.