Bei ikipanda, sote tunapanda

Barua za mwezi huu ni nyingi, nimechukua tatu tu, zote za huku kwetu nyanda za juu kusini. Ukizisoma haraka utasema hazihusiani kabisa, viazi, baiolojia na mashine ya vifaranga, ila mi nimezirudia mara mbili nikaona zinagusana.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi ni mama mkulima wa viazi mviringo huku Umalila, Mbeya. Mwaka juzi gunia lilifika 90,000 shambani, nikakodi ekari mbili zaidi, mbolea nikakopa kwenye vikoba. Kufika kuvuna gunia 35,000 tena lumbesa. Nikakasirika nikaacha, nikaweka njegere, si ndo viazi vikapanda tena! Hivi kuna watu wanakaa wanapanga hizi bei au mi nina mkosi?

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana. Mkosi huna. Hebu turudi siku ile gunia liko 90,000. Wewe ulisikia, jirani akasikia, shemeji yako wa bondeni akasikia, mpaka mwalimu ambaye jembe analionaga kwenye picha naye akakodi nusu ekari. Wote mmeangalia bei moja, wiki moja, mkaamua kitu kimoja. Sasa kiazi kinataka miezi mitatu mpaka minne ardhini, na miezi yote hiyo bei inabaki juu kwa sababu mzigo wenu bado uko udongoni haujaonekana sokoni, na kwa vile bei iko juu watu wanazidi tu kupanda, hakuna wa kuwaambia jamani inatosha. Halafu mnafukua wote wiki zilezile, magari yanajipanga, dalali anapita anachagua kama anachagua kitenge, bei inaanguka. Mnakasirika wote, mnahamia njegere wote, na miezi minne mbele viazi hakuna.

Yani bei inaliamuru shamba na shamba linaiamuru bei, ila taarifa kati ya hivi viwili inafika kwa kuchelewa, na wote mnachelewa pamoja. Hapo ndo penye shida. Mjerumani mmoja, Arthur Hanau, mwaka 1928 aliandika habari za bei ya nguruwe kwao, ikipanda na kushuka kwa zamu vilevile, manake nguruwe naye hakui kwa wiki moja. Mwaka 1934 mchumi Nicholas Kaldor akaupa mchezo huu jina la utando wa buibui, kwa sababu ukichora bei na mavuno kwenye karatasi mstari unazunguka zunguka kama utando.

Dalali simtetei, lumbesa ni wizi wa mchana kweupe na anayeujaza mzigo kilemba anajua anachofanya. Ila dalali anakula kwenye wimbi, wimbi lenyewe hakulianzisha yeye. Nguruwe wa Hanau hawakujazwa lumbesa na bei yao iliyumba.

Ufanyeje sasa? Mi ningekuwa wewe ningeacha kuangalia bei ya viazi vya kula, ningeangalia bei ya mbegu. Mbegu ikiadimika ikawa ghali, ujue watu wanapanda, na mzigo wa miezi minne ijayo ushauona leo. Muulize na muuza mbolea dukani, anajua mapema kuliko redio. Na shamba usilipande lote siku moja, gawa, theluthi sasa, nyingine baada ya wiki tatu nne kama mvua au maji ya bonde yanaruhusu. (Mkisoma hii Umalila nzima mkafanya hivo kwa pamoja, basi tumehamisha wimbi tu, msinitafute.) Na wanaopanda parachichi Rungwe na Njombe nao wajipime, huko unasubiri miaka, siyo miezi, na mti hauung'oi kama kiazi.

SWALI: Kamwene mhariri, niko kidato cha tano Iringa. Mwalimu kasema mrejesho hasi unaulinda mwili, chanya unaweza kuuharibu. Mbona kama ni kinyume? Hasi si ndo mbaya?

JIBU: Kamwene mdogo wangu. Mrejesho ni taarifa ya kilichotokea inayorudi kwa aliyekianzisha. Hasi hapo siyo mbaya, ni kupinga mwelekeo. Panda jiwe la Gangilonga kwa kukimbia, joto la mwili linapanda, jasho linatoka, likikauka linaondoka na joto, unarudi karibu na 37. Usiku wa Julai baridi ikikuingia unatetemeka, na kule kutetemeka ni misuli inatengeneza joto. Mwili unaivuta hali irudi ilikotoka.

Chanya inasukuma kulekule inakoelekea. Kanisani mtu akisogeza maiki karibu na spika, maiki inasikia spika, spika inatoa kile maiki ilichosikia, kikubwa zaidi, kinarudi tena, sekunde mbili mnaziba masikio. Lakini siyo kila chanya inaharibu. Mama akiwa na uchungu, mtoto anasukuma mlango wa kizazi, ubongo unatoa homoni ya oksitosini, kizazi kinabana zaidi, mtoto anasukuma zaidi, mpaka anazaliwa, na hapo inakatika yenyewe.

Kuna hali nyingine huenda darasani mmeiruka, ya taarifa ambayo hairudi kabisa kwa aliyefanya. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima, ila tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi kule Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Anayefungua mfereji Usangu, huko juu ya mto, anaona mpunga wake kijani, safi. Kiboko anayegaragara kwenye tope yuko mbali, na bwawa la Mtera lenye mitambo ya umeme ya megawati 80 liko mbali zaidi, halafu Kidatu yenye 204 iko chini yake. Ungekuwa mto unazunguka, maji yakapita kwanza kwa kiboko ndo yaje kwa yule mwenye mfereji, angejua ndani ya wiki. Siyo kwamba ana roho mbaya, kule chini haoni.

SWALI: Kaka mhariri, niko Makambako. Nimeunda mashine ya kutotolesha, mayai 60, balbu nne za wati 60, thamostati ya dijitali nimeseti 37.5. Lakini inapaa mpaka 39, inashuka 36, inapaa tena. Feni sijaweka, na kila dakika kumi nafungua mlango kuangalia na kuigusa gusa thamostati. Nimepata vifaranga 11. Thamostati ni feki?

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Picha uliyotuma inaonesha sensa (siyo ile ya kuhesabu watu) umeibana kona ya chini karibu na mlango, balbu ziko juu. Joto linachukua muda kufika hapo, sensa inasoma 37.5 wakati mayai ya juu yanaiva, na balbu zikizimwa glasi bado ya moto, inaendelea kupasha. Ni kama kuoga gesti ya Mbeya mwezi wa saba, unafungulia bomba la moto, hakuna kitu, unaongeza, hakuna, unaongeza, halafu linakuja lote unaruka. Ni viazi vya yule mama hapo juu, taarifa inafika kwa kuchelewa.

Karne ya 17 Mholanzi Cornelis Drebbel alishatengeneza tanuri la kutotolesha mayai linalojidhibiti joto lenyewe, bila umeme, kwa hiyo we na dijitali yako huwezi kushindwa. Weka feni ndogo, ile ya kompyuta inatosha, hewa izunguke. Sensa ipeleke katikati, usawa wa mayai. Wati 240 kwa kasha la mayai 60 ni nyingi mno, toa balbu mbili uangalie, na baridi ya Makambako ipambane nayo kwa kuziba kuta na maboksi au povu siyo kwa kuongeza moto. Chupa mbili za maji humo ndani zinasaidia joto lisirukeruke. Siku ya 18 acha kugeuza, subiri ya 21.

Na hilo la kufungua mlango kila dakika kumi kuangalia na kugusa gusa thamostati uache, manake sasa hivi humo ndani sensa ziko mbili, moja ya waya na nyingine ni wewe, na zinagombana.